Ufunguo Umetumika

Leseni yangu ya biashara iko ukutani, nyuma ya kioo,
muhuri wa Jiji ukitazama mlango.
Nimeilipia. Vumbi la Nkuhungu nalipangusa juu yake
kila asubuhi kabla ya kuwasha mashine.

Mashine ndiyo haikuwa na leseni.

Ilijitangaza yenyewe, pembeni, chini kulia,
kwa maandishi ya kijivu yasiyofutika:
*Mfumo huu haujaidhinishwa.*
Nikichapa barua ya kuomba kazi, yapo.
Nikipanga kadi ya mchango wa harusi, yapo,
kama mdai aliyefika saa ya chakula
akasema hapana, nimeshiba, nasubiri tu.

Ndahani fundi aliniuzia ufunguo, elfu kumi na tano,
herufi na tarakimu nyuma ya pakiti ya sigara.
"Dada Nyemo, huu ni wa maisha."
Maisha yake yalikuwa siku thelathini na nane.
Kisha kioo kikawa cheusi kama sufuria ya msibani,
na neno moja jeupe:
ufunguo umeshatumika kwingine.

Nikacheka, maana saa ileile
mbele yangu alikaa Lameck Chidawali, mstaafu wa reli,
na ofa yake ya kiwanja kule Mahomanyika.
Kitalu kimoja, namba moja,
na mtu mwingine ana ofa ileile, muhuri uleule,
tena keshamwaga kokoto.
"Andika kwamba mimi ndiye wa kwanza."
Nikaandika kwa kalamu. Kompyuta ilikuwa imenuna.

Basi nikanunua wa kweli.
Usiniulize bei. Zabibu za mama kule Hombolo,
debe kwa debe, msimu mzima,
ziliishia kwenye karatasi ambayo si karatasi.
Wakanitumia shukrani
na masharti, kurasa arobaini na tatu.

Mimi, ninayewaambia wateja kila siku
soma kabla hujaweka dole gumba,
nikabofya *Nakubali*
huku uji wa mtoto ukifurika nyuma ya mlango.

Usiku nikayarudia.
Sentensi moja niliielewa vizuri:
hukununua, umeruhusiwa.

Ng'ombe ukimnunua mnadani Msalato
unaondoka naye na kamba yake, na ndama aliye tumboni.
Muuzaji haji usiku kuchungulia zizi.

Huyu anachungulia.
Anaomba kujua niko wapi. (Nkuhungu. Niende wapi tena?)
Anaomba sauti, anaomba mwendo wa vidole vyangu,
ili kuboresha huduma.
Nazima kitufe, sasisho linakiwasha,
polepole, bila kubisha hodi, kama mpangaji mkorofi.
Hapana. Kama mwenye nyumba.
Mpangaji ni mimi.

Jumatatu akaja Mama Talaa
akafunga mlango nyuma yake. Wateja hawafungi mlango.
Barua kwa binti yake aliyeko Manyoni:
baba yako halisi ni nani.
Akanitajia jina lile kwa kunong'ona, mara moja tu,
kisha akauliza, "Wataisoma wangapi?"

Nilichomoa modemu.
Nikabandika plasta juu ya kijicho cha kamera.
"Watatu," nikasema. "Wewe, mimi, na yeye."
Ulimi ulisita kidogo kwenye ile namba.

Nikachapa, nikatoa nakala moja, nikafuta,
nikamwaga na lile pipa la vilivyofutwa.
Karatasi akaifunga kwenye pindo la kanga.
Hapo ndipo penye usalama ninaouelewa,
fundo, na mkono wa aliyelifunga.

Alipoondoka nilibaki na modemu kiganjani,
yenye joto kama yai lililotoka kutagwa.
Nje upepo wa Agosti ulikuwa unapiga mabati,
na kijana mmoja alihimiza: maombi yake ya chuo
mwisho saa kumi. Nikaichomeka tena.

Pembeni, chini kulia, sasa ni safi.
Napakodolea macho hadi yanauma.
Zamani, walau, aliyekuwa ananitazama
aliandika kwamba yupo.